Picha za Familia Zikipotea Kwenye Kompyuta: La Kufanya Kabla na Baada ya Kumwita Fundi

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, albamu ya zamani ya jalada gumu na karatasi za nailoni iliacha kujazwa miaka mingi iliyopita. Picha zilizofuata ziko kwenye kompyuta. Za koito ya binti wa kwanza, za mahafali ya chuo, za kogo akichuma majani chai kabla miguu haijamlemea, za mzee ambaye amekwisha kuzikwa: zote zimo ndani ya folda ambayo pengine ni mtu mmoja tu nyumbani anayejua iliko. Siku kompyuta inapokataa kuwaka, au inapowaka na folda ikawa tupu, familia nzima hushtuka. Mara nyingi huwa ni siku mbaya, kwa kuwa picha hutafutwa sana wakati kuna ratiba ya mazishi inayosubiri kuchapishwa.

Katika visa vingi picha hizo bado zimo. Kinachozimaliza kabisa ni pupa ya saa ya kwanza. Mtu anaweka Windows upya, anapakua programu tatu za kurejesha picha, anajibu ndiyo kwa kila swali ambalo mashine inauliza, na kufikia jioni kilichokuwa kinaokoleka hakiokoleki tena. Makala haya yanaeleza kinachotendeka ndani ya diski, ili mwenye picha ajue hatua ipi inafaa hali ipi, na ipi aiache kabisa.

Mvua, radi na umeme wa kukatika

Nyanda za Kericho zinajulikana na wataalamu wa hali ya hewa kwa wingi wa mvua ya mawe, na bonde zima la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi. Dhoruba hizo huja zaidi alasiri. Mkulima akiona wingu limejikusanya hukimbiza majani kituoni. Ni wachache wanaokumbuka kuchomoa kompyuta.

Stima ikikatika ghafla, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, hata kama ilikuwa katikati ya kuandika kitu kwenye diski. Stima ikirudi kwa nguvu kupita kiasi, au radi ikipiga karibu, kinachoungua kwanza mara nyingi ni kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Hapa ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Kompyuta isiyowaka kabisa si lazima iwe imepoteza picha. Diski, ambayo mafundi huiita hadidiski, huwa nzima ndani ya mashine iliyokufa, na inaweza kutolewa kwa bisibisi na kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa waya maalumu wa USB. Kompyuta kadhaa zimeuzwa kama vyuma chakavu zikiwa na harusi nzima ndani yake.

Rejista na michai

Ili kuelewa kwa nini picha iliyofutwa inaweza kurudi, inafaa kufikiria shamba na rejista ya ardhi. Diski ina sehemu mbili. Moja ni rejista ndogo inayosema faili fulani imelazwa mahali fulani. Nyingine ni shamba lenyewe, ambako data ya picha imepandwa. Mtu anapofuta picha, kompyuta haigusi shamba. Inapiga mstari kwenye rejista na kuandika kwamba kipande hicho sasa hakina mwenyewe.

Kufutwa kwa jina kwenye rejista hakung'oi michai. Michai inabaki imesimama mpaka mwenye jina jipya aje na jembe kupanda chake. Ndivyo ilivyo kwenye diski: data ya picha inabaki ilipo mpaka faili nyingine iandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka, kule kunakochukua sekunde chache, nako hubadilisha rejista tu. Kukatika kwa umeme kunaweza kuchana ukurasa mmoja wa rejista na kuacha picha elfu tano bila anwani, ingawa hakuna hata moja iliyoguswa.

Kwa hiyo adui mkubwa wa picha iliyopotea ni kitu chochote kipya kinachoandikwa kwenye diski hiyohiyo. Programu ya kurejesha picha yenyewe, ikipakuliwa na kuwekwa kwenye diski yenye tatizo, inaweza kuangukia juu ya picha inayotafutwa. Windows nayo huandika bila kuambiwa: masasisho, kumbukumbu za mfumo, mabaki ya kurasa za intaneti. Kompyuta iliyokaa kimya mezani bado inaandika.

Kama picha zilikuwa kwenye diski yenye Windows, kompyuta izimwe na ibaki imezimwa mpaka kuwe na mpango. Kama zilikuwa kwenye flashi, diski ya nje au memori kadi ya kamera, kifaa kichomolewe na kisitumike tena hata kwa picha moja. Mpiga picha wa harusi anayegundua katikati ya sherehe kwamba picha za asubuhi hazionekani anapaswa kutoa kadi hiyo, kuiweka mfukoni na kuendelea na nyingine.

Windows huwa na tabia moja ya kuogopwa. Rejista ya flashi au diski ya nje ikiwa imeharibika, ujumbe hutokea ukisema kwamba lazima kifaa kifomatiwe kabla ya kutumika. Ujumbe huo ufungwe bila kukubali. Pia kuna ombi la kukagua na kurekebisha diski. Ukaguzi huo umetengenezwa ili diski iweze kutumika tena; kuokoa picha si shabaha yake, na katika kazi hiyo unaweza kukata vipande vya faili na kuvirundika kwenye folda yenye jina FOUND.000. Aliyekwisha kukubali asikate tamaa. Faili zilizomo humo, zenye majina ya kuishia na CHK, wakati mwingine ni picha kamili zilizobadilishwa jina, na zikiandikwa JPG mwishoni hufunguka.

Wakati picha hazijaenda popote

Kabla ya mambo ya mafundi, kuna uwezekano kwamba hakuna kilichoharibika ila orodha. Programu nyingi za kupanga picha hazihifadhi picha ndani yake. Zinaweka katalogi tu: picha gani ziko wapi, nani yuko kwenye picha, ipi imependwa. Katalogi ikiharibika, dirisha hubaki jeupe na mwenyewe hudhani ameibiwa. Aingie kwenye folda zenyewe bila kupitia programu hiyo, na aandike kwenye kisanduku cha kutafuta *.jpg. Mara nyingi zitamwagika zote.

Kisa cha kawaida kwenye Windows ni cha OneDrive. Huduma hiyo ikiwashwa huhamisha folda ya picha na kuiweka ndani ya folda yake yenyewe. Baadaye mtu akiizima, folda ya zamani huonekana tupu huku picha zikiwa hatua moja pembeni, kwenye folda ya OneDrive au kwenye akaunti ya mtandaoni.

Kompyuta za zamani bado zina Picasa, ambayo Google iliacha kuihudumia mwaka 2016 lakini ambayo watu wengi hawakuiondoa. Picasa ilikuwa na ustaarabu fulani ambao programu za siku hizi zingefaa kuuiga. Mtu alipohifadhi picha aliyoikata au kuibadilisha rangi, picha ya asili iliwekwa kwenye folda iliyofichwa yenye jina .picasaoriginals. Kuwasha uwezo wa kuona folda zilizofichwa kumeshawarudishia watu picha walizodhani walizikata milele.

Kwenye kompyuta za Apple, maktaba yote ya picha huonekana kama faili moja kubwa. Ikikataa kufunguka, programu ya Photos ifunguliwe huku vitufe vya Option na Command vimebonyezwa pamoja, nayo itajitolea kurekebisha katalogi yake. Hata marekebisho yakishindwa, faili hiyo kubwa kwa kweli ni folda. Ikibonyezwa kwa upande wa kulia na kufunguliwa kuona vilivyomo, ndani kuna folda ya picha za asili ambazo zinaweza kunakiliwa moja kwa moja.

Pipa la taka la kompyuta litazamwe pia, ingawa picha zilizofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida hazipitii huko. Kwa wenye Google Photos, picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa kwenye pipa siku 60 kabla ya kufutwa kabisa. Na kabla ya kulipa mtu yeyote, swali liulizwe kwenye kundi la WhatsApp la familia: nani bado ana picha za siku ile? Shangazi aliyeko Nairobi au kaka aliyeko Qatar huenda anazo zote. Ubora utakuwa umepungua, kwa sababu WhatsApp hubana picha na kuondoa tarehe iliyoandikwa ndani yake, lakini picha iliyobanwa ya marehemu ni afadhali kuliko nafasi tupu.

Rejista ikiwa imeharibika

Ikiwa picha kweli hazipo kwenye folda, kazi inahitaji vitu vitatu: diski yenye tatizo, kompyuta nyingine iliyo nzima, na mahali pa tatu pa kuwekea kitakachookolewa. Kanuni isiyovunjwa ni kwamba kinachookolewa hakirudishwi kwenye diski kinakotoka.

Kuna programu mbili za bure ambazo mafundi wengi duniani huzitegemea, zote kazi ya Mfaransa Christophe Grenier. TestDisk hujaribu kusoma au kujenga upya rejista, na ikifaulu picha hurudi na majina yake na folda zake. Ndiyo ya kuanzia pale diski nzima inapodai kufomatiwa. Itumike kwanza kunakili faili kwenda mahali pengine, kabla ya kuiruhusu kuandika chochote kwenye diski yenyewe.

TestDisk ikishindwa, inafuata PhotoRec, ambayo haijali rejista kabisa. Inatembea shambani mche kwa mche. Kila picha ya JPEG huanza na alama ileile, baiti mbili ambazo kwa lugha ya mashine huandikwa FF D8. PhotoRec inatafuta alama hizo kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho na kuchukua kila kinachofuata. Hupata vitu vingi ajabu, kwa bei yake: majina yamepotea. Picha iliyoitwa Koito ya Chebet itarudi ikiitwa f0483712, ikiwa ndani ya folda iliyojaa maelfu ya nyingine, pamoja na vijipicha vya tovuti na matangazo ambavyo kompyuta ilivikusanya kwa miaka.

Kuzipanga upya si kazi ya mikono. Kamera na simu huandika ndani ya kila picha tarehe na saa ilipopigwa, na maandishi hayo hurudi pamoja na picha. Programu ya bure kama digiKam inaweza kuzipanga kwa tarehe hiyo. Kwa kuanzia, faili ndogo kuliko KB 100 ziwekwe kando, kwa kuwa picha halisi za kamera ni chache sana miongoni mwake. Mwenye kumbukumbu nzuri ya tarehe za familia, ambaye mara nyingi ni mama, aketi karibu na kijana anayeshika kipanya. Jioni mbili hivi zinatosha kwa kazi ambayo programu peke yake haiwezi.

Baadhi zitarudi nusu: juu uso wa bwana harusi, chini rangi ya kijivu tupu. Maana yake ni kwamba sehemu ya pili ilikuwa imeshaandikwa juu yake, au ilikuwa imelazwa mbali na ya kwanza na programu haikuipata. Sehemu iliyoandikwa juu yake hairudi, na anayedai pesa zaidi ili airudishe anadanganya. Hata hivyo, ndani ya picha nyingi kuna kijipicha kidogo ambacho kamera hukiweka mwanzoni mwa faili. Kinaweza kutolewa kikiwa kizima. Hakifai kuchapishwa kikubwa, ila kinamwonyesha mtu ni nini alichopoteza, na humsaidia kutafuta nakala kwa ndugu. Waliopiga kwa kamera kubwa zinazohifadhi picha ghafi wana bahati zaidi, kwani faili hizo huficha ndani yake nakala ya JPEG ya ukubwa wa kuridhisha.

Diski yenyewe ikiwa mgonjwa

Hapa mambo hubadilika, na ushauri wa hapo juu unaweza kuua. Diski ya kawaida ya zamani ni sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Diski inayogonga tik-tik, inayopotea na kurudi, au inayochukua dakika nzima kufungua picha moja, ina maradhi ya mwili. Kila saa inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Kuipitisha kwenye PhotoRec kwa siku nzima ni sawa na kumkimbiza mgonjwa mlimani.

Tik-tik ikisikika, umeme uzimwe mara moja. Diski isifunguliwe nyumbani wala kwenye kibanda cha kutengeneza simu; chembe moja ya vumbi la barabara ya murram inatosha kuikwaruza. Isiwekwe kwenye friji, kama wanavyoshauri watu wengine mtandaoni, kwa sababu unyevu huganda ndani yake. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa kiasi kwamba familia inapaswa kuketi na kuamua kama picha hizo zinastahili. Kwa mtu mwenye picha za pekee za mzazi aliyefariki, huenda jibu likawa ndiyo. Kwa mwenye picha za mahafali ambazo wenzake hamsini wanazo, pengine sivyo.

Ikiwa diski haigongi ila ni nzito na inasoma kwa shida, fundi mzuri hufanya jambo moja kwanza: anakili diski nzima, tone kwa tone, kwenda kwenye diski nyingine, kisha anaipumzisha ile mgonjwa na kufanya kazi zote kwenye nakala. Programu ya bure ya ddrescue imeundwa kwa ajili hiyo. Huchukua kwanza sehemu rahisi, huruka zilizooza, kisha hurudi kuzijaribu polepole. Inahitaji subira na umeme wa kutegemewa. Kwa waya wa USB wa zamani unaosafirisha MB 30 kwa sekunde, diski nzima ya GB 500 huchukua zaidi ya saa 4 na nusu, na yenye ugonjwa inaweza kuchukua siku. Laptopu yenye betri nzuri inafaa zaidi kwa kazi hii kuliko kompyuta ya mezani, hasa msimu wa mvua.

Diski mpya zisizo na sehemu inayozunguka, zile zinazoitwa SSD, hazigongi na hazionyi. Zina tatizo jingine. Zinapoambiwa faili imefutwa, hupokea amri ya kusafisha nafasi hiyo, na huisafisha zenyewe kwa utulivu wakati wowote. Kwa mfano wa rejista na shamba, ni kama trekta lililo tayari langoni. Picha zilizofutwa kwenye SSD ya ndani ya laptopu mara nyingi hazirudi baada ya muda mfupi, na simu za kisasa ziko hivyohivyo. Kwa vifaa hivi nakala ya akiba ndiyo tegemeo.

Kumkabidhi fundi

Maduka ya kutengeneza kompyuta yako Kericho mjini, Litein, Bomet na Sotik, na kuna mafundi hodari kabisa miongoni mwao. Kuna pia wa kubahatisha. Tofauti huonekana katika dakika za kwanza. Fundi anayejua kazi huuliza kilichotokea na kilichofanywa tangu hapo. Husema atanakili diski kabla ya kuigusa. Hutaja bei kabla ya kuanza na kueleza malipo yatakuwaje kama hakuna kilichopatikana. Anayesema papo hapo kwamba kompyuta inahitaji Windows mpya, ndipo picha zitafutwe baadaye, achukuliwe mashine yake mikononi kwa upole.

Namba ya diski iliyochapishwa kwenye kibandiko chake inakiliwe kwenye risiti, maana diski hubadilishana kwa urahisi. Mwenyewe aseme anatafuta folda zipi na aombe faili zilizookolewa zikabidhiwe kwake kisha zifutwe kwenye kompyuta ya duka. Picha za familia huwa na watoto, wagonjwa, vitambulisho vilivyopigwa picha na hati za shamba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki juu ya taarifa zake binafsi hata zikiwa mikononi mwa mwingine, na malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Jambo jingine litaulizwa na fundi yeyote siku hizi: ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi mpya za Windows hufunga diski kwa msimbo, mara nyingine bila mwenyewe kujua. Diski hiyo ikitolewa na kupelekwa kwenye kompyuta nyingine haisomeki bila ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha kompyuta mara ya kwanza. Kama aliyeiwasha alikuwa muuzaji wa duka, atafutwe mapema.

Picha zinapokuwa ushahidi

Si kila picha ni ya kumbukumbu. Wakazi wengi hupiga picha za mawe ya mpaka, za michai iliyokatwa usiku, za nyumba iliyoezuliwa na upepo, za majeraha. Mahakama za Kenya hupokea ushahidi wa kidijitali, lakini kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kina masharti kuhusu rekodi inayotolewa na kompyuta, pamoja na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika.

Picha iliyookolewa huja na ugumu wake. Faili itaonyesha kwamba imeundwa siku ya kuokolewa, si siku ya kupigwa. Tarehe ya kweli imo ndani ya picha yenyewe, kama haikupitia WhatsApp. Kwa hiyo mwenye kesi asihariri picha hizo, asizizungushe wala kuzipunguza, na diski ya asili isitupwe wala kufomatiwa baada ya uokoaji. Ihifadhiwe kwenye bahasha, pamoja na maandishi ya nani aliishika na lini. Wakili aambiwe mapema kwamba picha ziliokolewa. Akilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa upande wa pili, atakuwa na kazi ya kujieleza.

Nakala, na bei yake

Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida inawezekana bila gharama kubwa. Picha ya simu ya MB 4 hivi inaingia mara 8,000 kwenye flashi ya GB 32. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje au flashi, na ya tatu kwa ndugu anayeishi mbali, ambako radi ileile haiwezi kuzifikia zote kwa pigo moja. Diski ya nje inayoachwa imechomekwa kwenye kompyuta mwaka mzima haihesabiwi. Umeme ukizidi, na virusi vikiingia, vyote viwili huondoka pamoja.

Flashi zijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Sokoni kuna zilizoandikwa GB 128 lakini ndani ni ndogo zaidi. Zikijaa huendelea kupokea picha kwa adabu huku zikifuta za mwanzo. Programu za bure za H2testw na F3 huijaza flashi nzima na kuisoma tena, na uongo hudhihirika. Hata baada ya jaribio hilo, mara moja kwa mwaka picha kumi zichaguliwe ovyo kutoka kwenye nakala na zifunguliwe moja moja mpaka zionekane kamili kwenye kioo.

Google Photos ilisitisha nafasi isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Sasa akaunti ya bure ni GB 15 kwa picha, barua pepe na faili zote pamoja, yaani chini ya picha 4,000 za ukubwa huo hata kama hakuna kitu kingine. Tena akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, jambo linalozigusa hasa familia ambazo picha zao ziko kwenye akaunti ya mtu aliyefariki. Google humruhusu mwenye akaunti kutaja mapema hadi watu 10 watakaojulishwa akaunti ikikaa kimya kwa muda atakaouchagua, kuanzia miezi 3, na kupewa data atakayoiruhusu. Mpangilio huo umo ndani ya akaunti, sehemu ya data na faragha, na kuuweka huchukua dakika chache kwenye simu.